Mke wa Telegramu

Ahero
15 Februari 1987

Kwa Ogola,

Mimi ni Dorca. Mama yako anasema jina langu ulilipata katika barua yake ya mwaka jana, basi sitajieleza sana. Ni binti wa Mwalimu Oketch wa Maseno, nafundisha Kiswahili shule ya msingi hapa karibu na mto Nyando, na tangu Jumamosi ya juzi mimi ni mke wako.

Wiki hii nimewafundisha darasa la sita tofauti ya barua rasmi na barua ya kirafiki. Ya rasmi ina anwani mbili, ya kirafiki ina moja. Nilipokaa kukuandikia nikakwama hapo hapo. Mwishowe nimeandika moja, na kama nimekosea utanisahihisha.

Naandika Kiswahili kwa sababu mama yako anasoma Kijaluo cha Biblia vizuri sana, hata miwani hahitaji, na baba yako, Mzee Laban, anajua Kiingereza. Opiyo ndugu yako anacho Kiswahili cha sokoni tu. Kwa hiyo haya tunayoandikiana yatabaki yetu.

Hukuwepo, nikueleze ilivyokuwa. Unajua Opiyo amengoja miaka kuoa. Kwetu mdogo hamruki mkubwa, na Lornah wake alikuwa amechoka kungojea katika chumba cha kupanga kule Nyalenda, Kisumu. Ndipo ikaja telegramu yako ya neno moja, Ayie. Nimekubali. Wanasema mama yako alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja mbio. Keshoye wakapeleka kwa mama yangu kile kitu cha kwanza cha kumwomba binti yake, ambacho nacho jina lake ni ayie, na mambo yakaenda haraka. Siku ya kuletwa, Absalom mtoto wa baba yako mdogo alisimama mahali pako. Alikuwa na haya kuliko mimi.

Sasa nalala katika simba yako. Niliwaambia watoto wa darasa la tatu kwamba mwalimu wao analala ndani ya simba, wakacheka, maana kwa Kiswahili ni mnyama na kwa Kijaluo ni nyumba ya kijana. Nyumba ni nzuri. Inavuja upande mmoja tu.

Nakuambia kweli, lile neno lako lilinifurahisha. Kuna wanaume wanaoandika kurasa nne wasiseme lolote. Utakuja lini? Siulizi kwa haraka.

Dorca


Leicester
3 Mei 1987

Dada Dorca,

Barua yako nimeipata na nimeisoma zaidi ya mara moja. Asante kwa kumtunza Mama. Pole kwa nyumba kuvuja, nitamwandikia Opiyo apande juu aangalie.

Mimi ni mzima. Ninafanya kazi kiwanda cha soksi, mashine za kufuma, kazi ya zamu. Wiki moja asubuhi, wiki nyingine usiku, na baada ya muda mtu hajui tena ni saa ya kula au ya kulala. Kiswahili changu kimeshika kutu, lakini nina jirani mmoja wa asili ya Kibos, pale pale Kisumu, ananisahihisha.

Kuna jambo kuhusu telegramu ile ambalo ningependa kukueleza. Nitalieleza vizuri tutakapoonana, maana mengine hayaandikiki.

Wasalimie wote.

Ogola Laban


Ahero
20 Septemba 1987

Ogola,

Umeniita dada. Tafadhali usirudie. Mtu wa hapa akisikia mwanamume anamwita mkewe dada, ataita wazee waje kuondoa mkosi.

Opiyo amemleta Lornah. Amejenga upande wa kushoto wa lango, nyumba yake haivuji, na Lornah ana mimba tayari. Ni msichana mzuri, ananiheshimu kuliko ninavyostahili, kwa sababu kama nisingekuja mimi yeye angekuwa bado Nyalenda anapanga foleni ya maji. Ananiambia asante mpaka namkimbia.

Mama yako ni mtu wa kazi. Tunapanda mpunga pamoja, miguu ndani ya matope tangu asubuhi kabla sijaenda shule, na haongei mpaka tumemaliza jaruba zima. Jioni anapenda nimsomee magazeti. Akisikia neno Uingereza ananiambia nirudie, halafu anasema endelea.

Halafu kuna jirani yako wa Kibos. Barua yako ilikuwa na masahihisho, mtu amekata "mengine haiandikiki" akaandika "mengine hayaandikiki". Huo si mwandiko wako. Ni mwandiko mzuri, wa mtu aliyepitia madrasa. Mwalimu akizoea kusahihisha hawezi kuacha, nisamehe. Msalimie jirani.

Lile jambo la telegramu mbona liandikike tu? Mimi nasoma.

Dorca


Leicester
17 Januari 1988

Dorca,

Pole kwa kukaa kimya. Krismasi tulifanya kazi ziada.

Nimeomba likizo ndefu. Nitakuja Desemba mwaka huu, Mungu akipenda. Nitafika Nairobi kwa ndege na kuja Kisumu kwa gari-moshi. Hapo nitazungumza na Mzee na Mama, na wewe pia, mambo yote. Mwambie Mama ajiandae.

Ogola


Ahero
9 Januari 1989

Ogola,

Tulikwenda stesheni ya Kisumu mara tatu.

Mara ya kwanza tulikuwa wote, Mama na gauni jipya, Mzee Laban na kofia, Lornah na mtoto mgongoni. Mara ya pili tukawa mimi na Mama na Opiyo. Mara ya tatu Mama alisema anaumwa mguu, nikaenda na Opiyo. Watu waliposhuka wakaisha, Opiyo akaninunulia soda, nikainywa, tukarudi. Yeye ndiye aliyelia, njiani, akijifanya ni vumbi. Anajua alipita juu ya mgongo wa nani mpaka akaoa.

Mwezi wa nne Nyando ilifurika ikaingia nyumbani, nikalala juu ya meza, na sikukuandikia kwa sababu nilijua utakuja nikuoneshe alama ya maji ukutani. Haya, sasa nimekuandikia.

Juzi Mama aliniita jikoni. Hakunikaripia. Aliniambia, "Nyathina, mwanangu, nimechoka kuona moshi wa mtu mmoja ukitoka katika nyumba ile. Ogola anaweza kukaa Ulaya atakavyo, lakini mtoto wake atazaliwa hapa." Amepanga na wakubwa wenu. Mwaka huu, mpunga wa pili ukishavunwa mwezi wa kumi na mbili, Absalom atakuja nyumbani kwangu. Mtoto atakayepatikana ataitwa wako. Absalom ana mke na watoto, hajaomba jambo hili, na kila akiniona siku hizi anaangalia chini.

Sikutukani, Ogola. Nataka kitu kimoja tu. Uje, au umwandikie Mzee Laban kwamba hunitaki. Nikiondoka mwenyewe mimi ni mke aliyetoroka, na mtoto yeyote nitakayemzaa popote, na mwanamume yeyote, atahesabiwa wa kwenu. Wewe ukiniachilia, Mzee atanirudisha kwa baba yangu kwa heshima, na yatakuwa yameisha. Nikikataa mimi, naitwa mkaidi. Ukikataa wewe, unaitwa mwanamume aliyeamua. Ndivyo lilivyo, sikulitunga mimi.

Uandike kabla ya mavuno. Umri wangu ni miaka ishirini na sita.

Dorca


Leicester
23 Aprili 1989

Dorca,

Nimesoma. Sina la kujitetea kuhusu Desemba. Nilikuwa na tikiti mkononi.

Opiyo ameniandikia kwamba Mama ana presha na daktari amesema asipate habari za kumshtua. Nikimwandikia Mzee neno kama lile, Mama atalisikia siku hiyo hiyo. Nifanyeje? Nipe muda kidogo. Nitatafuta namna ya kulisema isiyomuumiza mtu.

Tafadhali vumilia.

Ogola


Leicester
2 Juni 1989

Dada Dorca,

Salamu alaikum. Hunijui ila kwa mwandiko. Mimi ndiye jirani wa Kibos, na mimi si jirani. Naitwa Rehma. Ninaishi na Ogola nyumba moja, huu mwaka wa nne.

Naona bora unijue vizuri. Baba yangu alikuwa Mpunjabi, fundi wa magari pale Kisumu, na mama yangu Mnubi wa Kibos. Nililetwa huku kwa baba zangu wadogo nikiwa na miaka kumi na tisa, na kijana wa kunioa alishapangwa, mtoto wa binamu yao, mwenye duka Birmingham. Nilikutana na Ogola kituo cha basi, nikamsikia anasema peke yake kwa Kijaluo kwamba baridi hii itaua mtu. Nikamjibu kwa Kijaluo. Basi. Nilimkataa yule wa Birmingham, na tangu siku ile mlango wa baba zangu umefungwa. Kwa hiyo habari za kupangiwa nazijua kidogo.

Barua zako alikuwa ananipa nisome, nimsaidie maneno. Nilikuwa nacheka nazo, nikikupenda, na nikijichukia kwa kucheka. Ile ya Januari hakunipa. Niliikuta juu ya kabati.

Kuna kitu alichosema atakueleza mkionana. Nakueleza mimi. Mama yake aliandika kurasa mbili. Wa kwanza ulihusu yale mabati Ogola aliyoyaacha chini ya kitanda alipoondoka, kwamba mvua inakaribia na jiko linavuja, je, waezekee? Ajibu haraka. Ogola alikuwa anawahi zamu. Alisoma ukurasa huo mmoja, akaniambia nipite posta nipeleke telegramu, neno moja, Ayie. Mimi ndiye niliyemtajia karani herufi zake. Aliporudi usiku ndipo akasoma ukurasa wa pili, na huko ndiko ulikokuwa wewe. Nilimwambia apeleke nyingine kesho yake. Akasema ndiyo, kesho. Kesho hiyo haijafika mpaka leo, na huko kwenu ayie ilikuwa imeshapelekwa kwa mama yako.

Ogola si mtu mbaya. Nimekaa naye najua. Ni mtu asiyeweza kumwambia mtu neno litakalomuuma, na ndiyo maana sote watatu tumekwama hapa. Nimemwambia siwezi kulala katika nyumba yake huku mwenzangu analala katika nyumba yake nyingine. Nimemwambia aandike kwa Mzee. Anaanza, anachana, anaanza tena.

Nisamehe kwa herufi zile nne.

Rehma


Ahero
19 Julai 1989

Dada Rehma, au niseme mke mwenzangu, sijui, hili halimo katika silabasi,

Kumbe nililetwa na mabati.

Nilisoma barua yako shuleni wakati wa mapumziko, nikacheka mpaka Mwalimu Simiyu akauliza kuna nini. Halafu nikaenda nyuma ya choo cha walimu nikalia. Nakuambia yote mawili ili usidhani nilicheka tu.

Unajua kinachouma? Si kwamba ana mtu. Mwandiko wako ulishaniambia zamani. Kinachouma ni lile neno. Miaka miwili, kila nilipochoka, nilikuwa najiambia kwamba kuna mwanamume mbali huko aliyesikia jina langu akasema amekubali, bila kunijadili. Nilikuwa nalala nalo. Kumbe alikubali jiko liezekwe. Na jiko lenyewe linavuja bado.

Nimejaribu kukuchukia, siku mbili tatu hivi. Nikaona ni kazi nyingine juu ya kazi, nikaacha.

Mpunga umeshapandikizwa. Watoto wameanza kujenga vibanda vya kufukuzia ndege. Mama yako mkwe, maana ni wako pia kama utaolewa na Ogola, ana presha kweli, lakini anabeba gunia kichwani kuliko mimi. Habari ya Ogola haitamuua. Atalia, atakataa chakula, halafu atauliza watu wa Kibos wanakula nini.

Mwambie aandike sasa. Asiandike kwa Opiyo wala kwa Mama. Aandike kwa Mzee Laban, kwa Kiingereza, mistari miwili inatosha. Na asitumie telegramu.

Mimi nitakuwa naangalia posta.

Dorca


Leicester
11 Machi 1990

Dorca,

Leo nimemwandikia Mzee. Nimemwambia kwamba sikukuchagua, kwamba kosa ni langu tangu mwanzo, kwamba wewe hukukosa kitu chochote, na kwamba akurudishe kwa Mwalimu Oketch kwa heshima zote. Nimemwambia pia kuhusu Rehma, kwamba tutaandikisha ndoa yetu mwezi wa tano. Nimeipeleka posta mwenyewe.

Nilianza barua hiyo mwezi wa nane. Kila nilipofika pale pa kusema neno lenyewe nilikuwa namwona Mama ameketi kigodani anasomewa, nashindwa. Mwezi wa kumi na mbili Rehma alifunga mizigo akahama. Alisema atarudi siku nitakayomwonesha risiti ya posta. Niliona aibu kwamba ilinibidi nipoteze mtu ndipo nimwandikie baba yangu. Amerudi leo jioni.

Najua nimechelewa. Najua uliniomba kabla ya mavuno. Lakini afadhali sasa kuliko kamwe. Uko huru, Dorca. Olewa na mtu atakayekuja stesheni.

Ogola


Leicester
8 Julai 1990

Dorca,

Mzee hajajibu, Opiyo hajajibu, na wewe pia hujajibu. Je, barua ilifika? Ulisharudi Maseno? Nimeandika Ahero kwa sababu sina anwani nyingine. Rehma anauliza habari zako kila wiki.

Ogola


Ahero
30 Oktoba 1990

Baba Awuor,

Usishtuke. Ndivyo unavyoitwa hapa tangu Septemba.

Barua yako ilifika mwisho wa mwezi wa tatu. Mzee Laban aliisoma akiwa peke yake, akaikunja, akaniita mbele ya Mama. Nilikuwa na mimba ya miezi mitatu. Mama alikuwa anajua, Mzee naye alikuwa anajua, na Absalom alikuwa ameacha kupita njia ya kwangu. Mzee akasema, "Barua hii ingekuja mpunga ukiwa bado shambani, ningekupeleka kwa baba yako kesho yake, mimi mwenyewe. Sasa umebeba mtoto wa nyumba hii. Nikikurudisha, namrudisha nani?" Mama alilia siku moja, hakula siku mbili, halafu akaniuliza kama Wanubi hula dagaa wa omena.

Sikukujibu kwa sababu sikujua nikujibu nini.

Sitaki udhani nililazimishwa. Hakuna aliyenishika mkono. Niliingoja barua yako mpaka posta ikafungwa kwa Krismasi, na mpunga ulikuwa tayari kwenye magunia. Absalom alikuja, akabisha hodi, akaketi, akaongea habari ya mvua na bei ya mbolea. Angeweza kuondoka bila kitu, na nadhani angefurahi. Mimi ndiye niliyemwambia abaki. Nilikuwa nimechoka kusikia sauti yangu peke yake katika nyumba ile. Nilijiambia kwamba mwanamume hakuja na barua haikuja, basi na aje mtu wa kuzungumza naye hata kama atachukua mwaka mzima kujifunza kusema. Nilichoka tu, Ogola.

Awuor alizaliwa usiku, na Lornah ndiye aliyempokea. Ni mnene, halii ovyo. Amepewa jina lako kanisani, Awuor wa Ogola, na Mzee amesema atakapofika umri wa kwenda shule yeye ndiye atakayemwandikisha. Siwezi tena kuondoka hapa, kwa maana nikitoka natoka peke yangu, na huyu anabaki. Kwa hiyo siendi popote. Naendelea kufundisha.

Mwambie Rehma nilipata salamu zake zote na sina kinyongo naye. Lakini asiuziwe habari nusu. Mwambie ana binti Ahero, sheria ya huko iseme itakavyosema. Mkipata watoto, huyu ndiye mkubwa wao, na hapa kwetu hawatapita mbele yake.

Watu wanaokuja kumwona mtoto wanasema yote amechukua kwako, paji la uso, masikio, hata namna ya kukunja midomo akinyimwa kitu. Mama yako anaapa. Mimi nawaitikia tu, halafu wakienda namwangalia peke yangu. Siwezi kujua, sijawahi kukuona.

Dorca, Mama Awuor